Kamba ya Mafundo Matatu

Nyonga ya kushoto ya Elisifa ilianza kumuuma mwaka uleule aliomzika mume wake Ebenezeri, na kwa vile machungu hayo mawili yalimjia kwa mlango mmoja, alikaa miaka minne akidhani ni kitu kimoja. Akiamka asubuhi mguu haunyooki, anasema ni huzuni. Akishindwa kushuka mpaka mfereji wa maji, anasema ni uzee. Mwaka wa tano ndipo alipomaliza kumkamua ng'ombe wake Neema, akataka kuinuka kwenye kigoda, akashindwa.

Alikaa pale zizini, ndoo katikati ya miguu, mpaka povu la maziwa likazama na nzi wakaanza kuja. Akaita. Kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, hakuna wa kuitika. Kuna migomba, mibuni michache iliyobaki, na nyumba ya tofali ya vyumba vinne, ambayo vitatu vyake havifunguliwi mpaka Desemba watoto wakipanda Masama kula Krismasi. Ng'ambo ya masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kuwa mpaka, palikuwa na mtu. Elisifa alimsikia anafagia. Alipoita, ufagio ulisimama. Ulisimama muda wa kumeza mate mara moja, mara mbili. Kisha ukaendelea.

Hakuita tena. Alishika nguzo ya zizi, akashika pembe ya Neema, akajivuta mpaka akasimama. Maziwa alimwagia migomba.

Ndivyo alivyofika kwa Daktari Vedastus hospitalini Moshi mjini, mtaalamu wa mifupa anayebadilisha nyonga na magoti. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vinene kuliko vile ambavyo Elisifa alivitarajia kwa daktari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Usiniambie nipunguze chumvi, nimeshaambiwa na wenzako."

"Chumvi kula," Daktari akasema. "Mimi ni fundi wa mifupa tu."

Akabandika picha ya eksirei kwenye mwanga. Akamwonyesha upande wa kulia: kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama limau, kimekaa kwenye kikombe chake, na katikati yao ukanda mwembamba mweusi. Pale ndipo panapoteleza, alisema. Kisha akamwonyesha kushoto. Hakukuwa na ukanda. Limau lilikuwa limebonyea, na mfupa ulikuwa unasaga mfupa.

Elisifa aliitazama sana. Aliwahi kuona kitu kama kile: mlango uliolika bawaba, ukaanza kukwaruza sakafu.

Daktari akampa kiungo cha bandia akishike. Kilikuwa na msumari wa chuma mrefu kama kiganja na vidole, kichwa cha mviringo kinachong'aa, na kikombe chake. Elisifa akakipima mkononi.

"Hii ndiyo itakaa ndani yangu?"

"Hiyo. Msumari unaingia ndani ya mfupa wa paja, kikombe kinaingia kwenye nyonga. Utapanda na kushuka kihamba chako bila fimbo."

"Basi pasua."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yakakaribia kugusana.

"Mama, kazi yangu ni ya saa mbili. Kazi kubwa iko nyumbani. Wiki sita usiiname, usikunje nyonga kuzidi pembe ya meza. Usikae chini, usikae kwenye kigoda, usipishanishe miguu, ulale na mto katikati ya mapaja. Kikidondoka kitu, aokote mwingine. Ukikosea, kichwa kinachomoka kwenye kikombe." Akakirudisha kile kiungo mezani. "Mwaka juzi nilimbadilishia mama mmoja kutoka huko juu. Ilikaa vizuri, nilijisifu. Aliniambia ana mkwe nyumbani. Hakuwa na mkwe. Siku ya kumi na moja akakaa kwenye kigoda achambue maharage. Alilala sakafuni mpaka kesho yake. Tangu hapo simpasui mtu mpaka nizungumze na huyo atakayekaa naye. Kwa sauti yake mwenyewe. Wewe una nani?"

Kati ya watoto wake Elisifa alikuwa na Given, aliyekuwa anamwambia kila Jumapili kwenye simu, "Mama, njoo Dar, huku utapona fresh, tunakusubiri." Lakini Elisifa aliwajua wazee walioteremka Dar kuuguzwa. Wengi walirudi wamelala kwenye gari, watu wanaimba nyuma yao. Na akiondoka, Neema anauzwa, masale yanaota ovyo, nyumba inafungwa chumba cha nne. Alichotaka ni kimoja: kutembea tena kwenye kihamba chake, kwa miguu yake.

"Yupo," akasema.

"Nani?"

Mdomo ukamtangulia. "Yuditha. Mke wa marehemu shemeji yangu. Tumepakana."

"Mnaelewana?"

"Tumeolewa nyumba moja," Elisifa akajibu, na hilo halikuwa uongo.

Sista Goodness, nesi aliyekuwa anaandika fomu, akaomba namba. Elisifa akampa simu yake ndogo ya vibonyezo.

"Bibi, hapa pameandikwa Sirili."

"Ndiye huyohuyo."

Sirili alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Laini alibaki nayo mjane wake, na Elisifa hakuwahi kubadilisha jina, kwa sababu hakuwahi kuipiga.

Ugomvi wa wawili hao ulikuwa hivi. Ebenezeri alikuwa seremala. Vitanda vya Masama nzima, madirisha, benchi za kanisani, yeye. Mdogo wake Sirili alipofariki, Ebenezeri hakulia. Alikwenda karakana, akachagua mbao za mringaringa alizokuwa amezikausha miaka mingi, akapiga randa kuanzia alfajiri. Mchana wa siku ya pili, ameshakata na kusawazisha, likaingia gari kutoka mjini limebeba jeneza jeupe lenye kioo na vishikio vya dhahabu. Wakalishusha mbele yake. Yeye amesimama, randa mkononi, maranda yamemjaa miguuni. Alizibeba mbao zake moja moja, akazipandisha darini.

Aliyesema ni Elisifa. Alisema uwanjani, waombolezaji wote wanasikia, kwamba Yuditha amemnyima mtu kumtandikia ndugu yake kitanda cha mwisho, kwamba sasa kaka mtu hafai, kinafaa kioo. Yuditha alimtazama, akajitanda kitenge, akaingia ndani. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana kwenye njia moja kama watu wa nchi mbili. Ebenezeri naye alipokwenda, Yuditha alikuja msibani, akakaa nyuma kabisa karibu na masufuria, akaondoka bila kupewa mkono.

Huyo ndiye aliyeandikwa kwenye fomu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya upasuaji. Elisifa alijiambia atakwenda kumwambia mwenyewe kabla hospitali haijapiga. Siku ya kwanza alioga, akavaa gauni la kanisani, akashuka na fimbo mpaka kwenye masale. Yuditha alikuwa upande wa pili anakata majani ya ng'ombe. Alikuwa amekonda. Kitenge chake cha bluu kilikuwa kilekile walichogawiwa sare kwenye harusi ya Brenda, binti yake, kabla ya ugomvi. Elisifa alisimama nyuma ya mgomba akitafuta neno la kuanzia. Aseme shikamoo? Yeye ndiye mkubwa, shikamoo ni yake kupokea. Aseme hodi? Uwanja si wake. Aliutafuta mwanzo mpaka Yuditha akafunga mzigo wake, akajitwika, akaenda.

Siku nyingine alimpelekea ndizi za mtori, akaziacha kwenye mpaka. Jioni alizikuta palepale, kuku wamedonoa. Baadaye alifikiri: pengine hakujua ni za nani. Kwa nini angejua? Migomba ni mingi.

Given alipopiga, alimwambia ana mtu wa kumtunza. "Safi sana mama," Given akasema, na nyuma yake palisikika watu wanacheka, televisheni inaimba. Simu ikakatika. Elisifa akabaki na sauti ya Neema anacheua.

Siku ikafika. Mzee Remigius wa mtaa wa juu alikubali kumkamua Neema. Elisifa akafunga nyumba, akaweka ufunguo juu ya fremu ya mlango, akapanda Noah ya kukodi peke yake, ameketi kwa ubavu kama gunia.

Jioni ya kuamkia upasuaji Daktari Vedastus alikuja wodini. Alikuwa bado na nguo za kijani za kazini na alama ya kofia kwenye paji la uso. Akakaa kwenye kiti cha wageni, ambacho kwa Elisifa kilikuwa hakijakaliwa.

"Mama Elisifa, nimempigia ndugu yako."

Elisifa akashika shuka.

"Nilimweleza yote. Kisha akaniuliza mambo mawili. La kwanza, hatainama muda gani. Nikasema wiki sita. La pili, kiti kiwe na kimo gani. Nikasema kiti na kitanda vizidi goti. Akasema, 'Kumbe ni uzazi.' Halafu akakata. Nikipiga tena, haipatikani. Sasa mimi ni mtu wa Bukoba, mama. Hiyo ni ndiyo, au ni hapana?"

Elisifa alielewa neno lile mpaka kwenye uti wa mgongo. Kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hafagii, hainami, hashuki mfereji. Huletewa mtori wa moto, hukandwa, hulishwa kama mfalme, na kazi hiyo ni ya mama mkwe. Lakini Yuditha alipoolewa mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mke wa kaka ndiye aliyemtunza. Elisifa. Uzazi wa Brenda, na wa wale wawili waliofuata. Alikuwa mkali. Yuditha akidondosha kijiko, hata kabla mkono haujashuka, Elisifa ameshapaza sauti: "Usiiname!" Wakicheka wote wawili, mtoto anashtuka.

Alijua neno. Asichojua ni kama Yuditha alilisema kwa kukubali, au kwa kukumbuka tu, au kwa uchungu.

Angeweza kusema ndiyo. Daktari alikuwa amechoka, angeamini. Lakini akamkumbuka yule mama wa maharage, akausikia tena ule ufagio uliosimama na kuendelea.

"Daktari, sijui."

"Hujui?"

"Hatujasalimiana miaka tisa. Nilikudanganya."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, polepole, kama mtu anayeosha sahani moja kwa sababu nyingine hana.

"Mke wangu na watoto wako Bukoba," akasema. "Huu mwaka wa sita. Kazini kuna fomu, wanauliza mtu wa karibu, ukipatwa na jambo apigiwe nani. Niliandika Sista Goodness. Sijawahi kumwambia. Na wewe usimwambie."

"Simwambii."

"Lakini sitakupasua bila huyo mama. Nikikupasua halafu urudi ukalale sakafuni, nitakuwa nimefanya nini? Kesho nakuweka wa mwisho. Asipofika mpaka saa nane mchana, unarudi nyumbani na mguu wako ulivyo, tutamtafuta mwanao tuone."

Asubuhi Elisifa hakunywa hata maji. Aliona wenzake wakisukumwa mmoja mmoja, wa goti, wa nyonga, wa goti tena. Ndugu zao wakitembea pembeni ya kitanda mpaka mlango mkubwa wenye vioo, wakipunga mikono. Saa nne. Saa tano. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimuuliza, "Bibi, wako wanachelewa?" Akajibu wanatoka mbali.

Saa sita na nusu Yuditha akaingia. Amevaa kitenge cha bluu, kikapu kwapani, viatu vina vumbi mpaka kwenye kifundo. Alimsalimia Sista Goodness, akamsalimia mgonjwa wa jirani, akamsalimia hata anayepiga deki. Elisifa hakumsalimia.

"Daktari yuko wapi? Mimi sikuja kutembea."

Daktari akaitwa, akaja na kofia kichwani. Yuditha akatoa kikapuni kamba ya gome la mgomba, iliyokaushwa vizuri, yenye mafundo matatu. Akaikanyaga ncha kwa kiatu, akaivuta juu.

"Ulisema vizidi goti. Fundo hili la chini ni kigoda chake cha kukamulia. Hili ni kiti chake cha sebuleni. Hili la juu ni kitanda. Pima."

Daktari aliichukua ile kamba kwa mikono miwili. Akaiweka kwenye mguu wa Elisifa, kuanzia kisigino kwenda juu. Mafundo yote matatu yalikuwa chini ya goti. Ebenezeri alimtengenezea mke wake kila kitu kifupi, kwa kuwa alikuwa mfupi, miguu isije ikaning'inia.

"Kitanda kiongezwe inchi tatu," Daktari akasema. "Kiti nne. Kigoda hapana kabisa."

"Kigoda nimeshakitupa juu ya paa la zizi."

"Umekitupa kigoda changu!"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Elisifa kwa Yuditha baada ya miaka tisa. Yuditha hakugeuka. Alimtazama Daktari.

"Mwambie sijakitupa. Nimekiweka asikifikie."

"Mwulize aliingiaje ndani kwangu," Elisifa akamwambia Daktari.

"Mwambie ufunguo uko palepale anapouweka siku zote."

"Na Neema mwulize anakamuliwa na nani."

"Mwambie Remigius nimemrudisha kwake. Anavuta chuchu kama anapiga kengele ya kanisa. Nimemkamua mimi. Amenipiga teke moja tu."

Daktari Vedastus aligeuza kichwa huku, akageuza kule, kamba ikiwa bado mkononi. Mgonjwa wa jirani alikuwa amejifunika shuka usoni, shuka linatikisika. Kisha Daktari akatazama saa ya ukutani.

"Sista Goodness," akasema, "mwandaeni mama."

Walimchoma ganzi ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini pakawa kama hapana mtu. Walitundika pazia la kijani mbele ya kifua chake, upande wa pili wakaanza kazi, na Elisifa akasikia karakana. Alisikia msumeno, mfupi, mkali. Alisikia tupa inakwangua ndani ya kitu kigumu, inaingia, inatoka, inaingia. Kisha nyundo. Alifumba macho. Miaka arobaini alilala na kuamka kwa sauti hizo, na mitano iliyopita nyumba ilikuwa kimya mpaka aliwahi kupigapiga meza kwa kijiko apate kusikia kitu.

Nyundo ikapiga. Tok. Tok. Tok. Sauti nene, ya kitu ambacho bado kina nafasi. Ebenezeri alimfundisha, bila kukusudia: mguu wa kiti ukiwa bado haujafika mwisho wa tundu, unalia hivyo. Ukifika, sauti inabadilika, inakuwa nyembamba na ngumu, na ukipiga tena unapasua.

Tok. Tok. Tik.

"Imekaa," Elisifa akasema.

Nyundo ikasimama hewani.

"Nani amesema?" Daktari akauliza.

"Mimi. Usipige tena."

Upande ule wa pazia watu wakacheka kwa pua, kwa vile midomo imefungwa. "Imekaa, mama," Daktari akasema. "Na mimi nilikuwa naacha." Elisifa alitaka kumwambia ni nani aliyemfundisha, lakini machozi yalikuwa yanamwingia masikioni na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Siku ya tatu walimsimamisha kwa kifaa cha miguu minne, akatembea mpaka dirishani. Yuditha alikuja na chupa ya moto yenye mtori. Akamimina, akampa kijiko, akakaa. Safari hii Daktari hakuwepo wa kupelekewa maneno.

"Fundi wa sokoni Kwa Sadala anataka mbao za kuunga miguu ya kiti na kitanda," Yuditha akasema, akiitazama chupa. "Nilipopima niliona zile darini."

Elisifa akameza.

"Hazijaliwa na mchwa," Yuditha akaendelea.

"Huwa napanda kuzifuta. Nilikuwa nikipanda, kabla ya mguu."

"Sikuulizwa, Mama Given. Lile jeneza liliagizwa na Brenda na wenzake huko mjini, wakadhani wanamheshimu baba yao. Mimi nililiona linashushwa, kama wewe ulivyoliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe. Mbele ya watu. Nikabaki na nini cha kusema?" Akafunga kifuniko cha chupa, akakifungua tena. "Na siku ile zizini uliita mara moja. Nilisimama na ufagio. Nikasema akiita mara ya pili, naenda. Hukuita."

Elisifa alizungusha kijiko kwenye mtori mpaka ukapoa. Alifikiri juu ya mbao zile, jinsi Ebenezeri alivyopitisha kiganja juu yake kusikiliza kama bado kuna mkwaruzo.

"Zichukue," akasema. "Mwambie fundi asizipige rangi."

Alirudi Masama akakuta kiti kimesimama sebuleni kama mgeni, miguu yake ya zamani myeusi, na chini yake vipande vya mringaringa vyekundu bado. Akakaa. Vidole vya miguu viligusa sakafu kwa shida. Kutoka juu pale, kupitia dirishani, aliona kitu ambacho kiti kile hakikuwahi kumwonyesha: juu ya masale, kipande cha uwanja wa Yuditha, kamba ya kuanikia nguo, na mlango.

Nisiseme kwamba mambo yalikuwa matamu tangu hapo. Yuditha alikuja asubuhi, akamkamua Neema, akamvisha Elisifa soksi, akaweka chakula. Mchana akaja tena. Maneno yalikuwa machache, ya chumvi na majani na kama amelala. Kabla jua halijazama aliondoka. Hapo ndipo Elisifa alipogundua jambo ambalo hakulitarajia. Miaka mitano upweke ulikuwa kama baridi ya huko juu, mtu anaizoea, anavaa sweta. Sasa, kwa kuwa kuna mtu anayekuja, saa zile za katikati zikawa ndefu. Aliketi kwenye kiti kirefu akautazama ule mlango mpaka giza likaufuta. Redio ya Yuditha ilisikika kidogo, habari za bei ya kahawa. Wote wawili walizisikiliza hizohizo, kila mtu kwake.

Wiki ya sita ilipotimia alirudi Moshi. Daktari Vedastus alimtembeza ukumbini bila fimbo. Akamlaza, akapima miguu kwa futi, ikawa sawa. Akadondosha kalamu makusudi, akamwonyesha namna ya kuinama vizuri kuiokota, akaridhika.

"Umepona, mama. Wiki sita zimetosha. Sasa unaweza kukaa mwenyewe."

Alisema kama anampa zawadi. Elisifa akasema aika, Daktari, akashukuru kweli, na njia nzima ya kurudi alikaa na zawadi ile mapajani kama kitu asichojua akiweke wapi. Alikuwa amepata alichotaka, miguu yake. Na miguu ikipona, ya nini mtu kuvuka masale asubuhi na mchana? Angeweza kusema Daktari ameongeza muda. Yuditha asingejua. Uongo mmoja ndio uliomfikisha hapa. Wa pili ungemdhuru nani?

Yuditha alikuwa mlangoni, sufuria mkononi.

"Amesemaje?"

Elisifa alishuka kwenye Noah peke yake, mguu wa kushoto ukitangulia. Alisimama.

"Amesema wiki sita zimetosha. Naweza kukaa mwenyewe."

Yuditha alitazama ndani ya sufuria. Akakoroga mara moja, ingawa hakukuwa na haja.

"Huyo ni mtu wa Bukoba," akasema. "Atajua nini? Wiki sita ni zake. Uzazi ni miezi mitatu. Hebu pita, mtori unapoa."

Elisifa akapita, akakaa kwenye kiti kirefu. Yuditha akampa bakuli. Elisifa alipolipokea, kijiko kikateleza, kikalia sakafuni, kikaenda kusimama karibu na mguu wa mringaringa.

Wote wawili wakakitazama.

"Usiiname," Yuditha akasema.

Na Elisifa, ambaye asubuhi ileile alikuwa ameokota kalamu ya Daktari bila shida yoyote, akarudisha mkono mapajani, akangoja.